MLIMA WA MBALI SI WA KIJANI KIBICHI

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini katika uchoraji, ndugu msomaji, macho yetu huwa na pazia, na pazia lenyewe ni mazoea. Hebu mwambie mwanafunzi achore mandhari. Utapata milima miwili kama meno ya msumeno, jua katikati, mto unaoteremka, na nyumba yenye dohani ya kutoa moshi, hata kama kijijini kwao hakuna nyumba ya aina hiyo. Mlima ni kijani kibichi, nyasi kijani kibichi, mti pia kijani kibichi. Picha inakuwa bapa kama sahani. Basi mwenyewe anasema ati hana kipaji, na somo la Sanaa analiacha. Si kipaji alichokosa. Amechora anachokijua badala ya anachokiona.

Tuchukue mfano wa mahali wengi wetu tumepapita ama kupaona pichani: barabara ya kuteremkia Mai Mahiu, pale ukingoni mwa Bonde la Ufa. Chini yako ni bonde, na mbele umesimama Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776. Haya, tuuchore.

Jambo la kwanza ni umbali. Kabla ya kitu chochote, tafuta upeo wa macho, yaani pale mbingu na ardhi zinapoonekana kukutana. Mstari huo huwa sawa na kimo cha macho yako. Ukipanda juu, nao unapanda nawe. Kwa hivyo ukiwa pale ukingoni, uchore juu ya nusu ya karatasi ili bonde lipate nafasi. Kisha tazama vitu vinavyokwenda mbali. Barabara iliyo pana mbele yako huishia kuwa nyembamba kama uzi, na nguzo za stima huzidi kuwa fupi na kukaribiana. Kama nguzo zimepangwa mstari mmoja mahali tambarare, pitisha rula juu ya vichwa vyake, kisha chini kwenye miguu yake. Mistari hiyo miwili itakutana katika nukta moja kwenye upeo.

Jambo la pili ni rangi. Hapa ndipo wengi huanguka. Kati yako na mlima kuna hewa nyingi, na hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko ule mwekundu. Kumbe ndiyo maana mlima wa mbali huonekana wa buluu iliyofifia, hata kama umejaa miti! Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka wa 1519, alilieleza jambo hili la milima ya mbali katika madaftari yake.

Wala usiseme huna pesa za kununua sanduku la rangi nyingi. Nyekundu, manjano, buluu na nyeupe zinatosha. Anza na kilicho mbali uje karibu. Mbingu kwanza, na karibu na upeo uipaushe kwa nyeupe. Halafu mlima: buluu, nyeupe nyingi na chembe ya nyekundu. Bonde la katikati: kijani kilichotiwa buluu na nyeupe. Mwisho, vichaka vya karibu: kijani kilichokolea. Kijani kikiwaka mno, tia nyekundu kidogo sana, kitatulia. Vichaka vya leleshwa vitake kijivu kidogo, kwani ndivyo majani yake yalivyo. Tena majani mojamoja yachorwe karibu tu. Kule mlimani usichore hata mti mmoja, manake kutoka hapo huuoni.

Jambo la tatu ni mwanga. Chagua saa moja ya siku na usiiache. Sisi tuko kwenye Ikweta, na saa sita mchana jua huwa juu sana, hasa Machi na Septemba, likawa utosini kabisa. Vivuli hujificha chini ya vitu na bonde lote huonekana bapa. Lakini saa mbili asubuhi ama saa kumi na moja jioni, vivuli hurefuka na makorongo ya Longonot hujitokeza kama mikunjo ya nguo. Weka mshale mdogo wa penseli kuonyesha jua linatoka wapi, na kila kivuli kielekee upande wa pili. Kivuli nacho usikipake nyeusi tupu. Jua limezuiwa, ndiyo, lakini mwanga wa mbingu ungali unafika pale, kwa hivyo changanya rangi ya udongo na buluu. Mfaransa Claude Monet alichora marundo ya ngano katika picha 25 hivi, mwaka wa 1890 na 1891. Marundo ni yaleyale. Kilichobadilika ni mwanga na majira.

Ukimaliza, rudi nyuma hatua tano, kunja macho kidogo, utazame. Kama karibu, katikati na mbali vinajitenga, umefaulu.

Wenzangu, tukizidi kuchora nyumba zenye dohani na milima ya kunakili, kwetu kutachorwa na nani? Leo jioni mkirudi nyumbani, tazameni kilima kilicho mbali kuliko vyote. Msijiulize kinapaswa kuwa cha rangi gani. Jiulizeni mnaona rangi gani.