Tumbo la ngege si tumbo la kambare

Mama anapopasua samaki jikoni siku ya Jumapili, jambo la kwanza afanyalo ni kuuvuta utumbo wote na kumtupia paka. Msomaji, safari ijayo mwombe asubiri kidogo. Uchukue utumbo huo, uunyooshe taratibu juu ya gazeti kuukuu (si hili, angalau kabla hujamaliza kulisoma), kisha uupime kwa utepe wa fundi cherehani.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alifanya hivyo tulipokuwa nyumbani Nyamira wakati wa likizo. Ngege aliyempima alikuwa na sentimita 24 kutoka mdomoni hadi mkiani. Utumbo wake mwembamba, uliokuwa umejiviringa kama kamba ya kufungia ndama, ulipita mita moja na sentimita 35. Kando yake palikuwa na kambare mrefu kuliko mkono wangu. Utumbo wa kambare huyo haukufika hata urefu wa mwili wake mwenyewe.

"Mjomba," akaniuliza, "huyu mdogo ana utumbo wote huu wa nini?"

Swali hilo si la mtihani wa biolojia peke yake. Katika vilima vya Kisii na Nyamira, asiyejua jibu lake hupoteza pesa. Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010, serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao ulikusudia kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 ya Kenya. Kila kidimbwi kilikuwa cha mita 300 za mraba. Watu ambao wazazi wao walijua ndizi, majani chai na ng'ombe wa maziwa wakageuka wafugaji wa samaki. Baadhi yao wanaendelea hadi leo. Wengine vidimbwi vyao vimeota nyasi.

Baba yangu mdogo alikuwa karibu kuingia katika kundi hilo la pili. Aliweka vifaranga elfu moja vya ngege kidimbwini, kisha rafiki yake akamletea kambare kumi waliokwisha kukua, akawatia humohumo. Akawalisha wote chakula kimoja: makombo ya ugali, majani ya kabichi na pumba, asubuhi na mapema kabla ya kwenda kukamua. Siku ya kuvua alipata ngege wa kuhesabika kwa vidole na kambare walionona ajabu. Akasema afadhali afukie shimo na kupanda nepia.

Hebu basi tuingie ndani ya matumbo ya samaki hawa tuone kosa lilikuwa wapi.

Tuanze na kambare, kwa kuwa habari yake ni fupi. Kambare ana kinywa kipana chenye meno madogo mengi kama msasa. Meno hayo si ya kutafuna bali ya kuzuia windo lisiponyoke. Humeza windo zima, magamba kwa mifupa, likaingia katika tumbo nene lenye misuli. Humo hutiwa asidi pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini, ambacho hukata protini vipandevipande. Nyama ya samaki mwingine haina ugumu mkubwa kwa mmeng'enyo, kwani imejengwa kwa vitu vilevile ambavyo mwili wa mlaji unavihitaji. Kazi kubwa humalizika tumboni, na utumbo unabaki kunyonya tu. Utumbo mrefu ungekuwa mzigo bure. Mbuta wa Ziwa Viktoria, ambaye Watanzania humwita sangara, naye ndivyo alivyo: tumbo la kutanuka, utumbo mfupi. Aliingizwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wengi, samaki wadogo ambao aina zao zilikuwa mamia. Walipoadimika, akageukia uduvi, omena na hata watoto wake mwenyewe.

Hata hivyo, kambare si mla nyama wa kukataa vingine. Akikosa windo hula wadudu, konokono, hata nafaka. Ila mwili wake hunawiri kwa protini, na wataalamu wa ufugaji hushauri chakula chake kiwe na protini ya asilimia 35 hadi 40. Ngege mkubwa huridhika na asilimia 25 hadi 30. Pumba na kabichi za baba mdogo hazikumtosha kambare, naye akajitafutia. Tulipompasua mkubwa wao, mpwa wangu alikuta tumboni vifaranga wanne wa ngege, mmoja akiwa bado na magamba yake yote.

Sasa tumrudie ngege, au tilapia. Huyu chakula chake kikuu ni mwani, yaani ule ukijani wa majini ambao kila chembe yake haionekani kwa macho. Ukimfungua kinywa utaona meno membamba ya kukwangulia mawe na majani. Mashine yenyewe iko kooni. Huko ana jozi nyingine ya mataya yenye meno, ambayo husaga chakula kabla hakijashuka. Chembe za mwani hunaswa kwa utelezi wa kinywani na mashavuni, zikashikana kuwa donge, naye akalimeza.

Taabu huanzia hapo. Chembe ya mmea imezungushiwa ukuta. Ukuta wa majani unayoyajua umejengwa kwa selulosi, na ng'ombe wetu hawezi kuuvunja kwa nguvu zake mwenyewe. Huwaachia kazi bakteria wanaoishi katika tumbo lake kubwa, kisha akacheua na kutafuna tena. Ngege hacheui. Silaha yake ni asidi.

Jambo hili lilichunguzwa vizuri nchini Uganda, katika Ziwa George, na mtafiti D.J.W. Moriarty, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1973. Ziwa hilo hujaa mwani wa rangi ya kijani-buluu ambao samaki wengi huumeza ukatoka ulivyoingia. Alikuta kwamba asidi katika tumbo la ngege hufika kiwango cha pH 1.4. Wanafunzi watakumbuka kwamba namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi ukali. Hii ni kali kuliko maji ya ndimu. Ukuta wa mwani huo hulegea na kupasuka, na yaliyomo ndani humwagika.

Lakini asidi hiyo haikai tumboni saa zote. Usiku ngege halali na chakula; tumbo huwa tupu na asidi hutulia. Anapoanza kula asubuhi, asidi nayo huanza kutoka kidogokidogo. Kwa hiyo mwani wa mlo wa kwanza hupita ukiwa bado wa kijani, haujasagika. Kadiri mchana unavyoendelea asidi huzidi, na mwani hugeuka rangi ya hudhurungi, dalili kwamba umeivishwa barabara. Nakiri kwamba niliposoma habari hiyo nilimwonea wivu kidogo yule aliyepata kazi ya kupasua samaki kutwa nzima ili kutazama rangi ya tumbo.

Baada ya tumbo ndipo unakuja ule utumbo wa mita moja na zaidi. Mwani una maji mengi na lishe haba, hivyo ngege hana budi kula siku kutwa, na kile kidogo kilichofunguliwa na asidi kinahitaji muda na nafasi ndefu ya kunyonywa. Nyongo, ile ambayo mpishi akiipasua kwa bahati mbaya kitoweo chote huwa kichungu, humiminwa hapo kulainisha mafuta.

Utumbo huo, lakini, ngege hazaliwi nao ukiwa mrefu. Vifaranga hula vijidudu vidogo vya majini, na matumbo yao ni mafupi kama ya wala nyama. Hurefuka wanapokua na kuhamia kwenye mwani. Anayewapa vifaranga pumba tupu anawanyima protini wakati ule ule wanapoihitaji zaidi.

Wala si lazima kila mla mimea awe na tumbo la asidi. Ningu, ambaye zamani alipanda kwa wingi mto Kuja kutoka ziwani kwenda kutaga mayai (ni mto uleule uitwao Gucha huku juu Kisii), hana tumbo hilo kabisa. Chakula chake cha matope na mwani hutoka kooni kikaingia moja kwa moja katika utumbo mrefu mno. Siku hizi amepungua sana, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zimechangia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mfugaji wa Nyamira lazima alijue, na yule wa kando ya ziwa huenda asilitambue. Samaki hana joto lake mwenyewe. Tumbo lake hufanya kazi kwa kasi ya maji aliyomo. Ngege hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hamu ya kula hupungua na chakula hukawia tumboni. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Anayetupa chakula kidimbwini alfajiri hulisha matope. Tena kumeng'enya chakula kunahitaji oksijeni, nayo huwa haba majini kabla ya jua kuchomoza.

Chakula aghalabu humeza zaidi ya nusu ya gharama ya ufugaji wa samaki, kwa hiyo mambo haya si madogo.

Baba mdogo hakufukia shimo. Kambare wote walitolewa, sita wakauzwa na wanne tukala. Ametia samadi kidogo ili maji yaote ukijani, na hulisha kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kambare atawarudisha ngege watakapokuwa wakubwa, nao wawe wadogo kuliko ngege, ili wale vile vifaranga vinavyozaliwa ovyo na kujaza kidimbwi.

Kila asubuhi hukunja mkono wa shati na kutumbukiza mkono majini. Maji yakifika kwenye kiwiko naye haoni kiganja chake, mwani unatosha, hatii samadi siku hiyo. Mara ya mwisho nilipopiga simu alikuwa bado anakiona kiganja, hata vidole. Ilikuwa Julai, na baridi ya Nyamira mwaijua.