Mteremko Usio Mteremko

Msomaji wetu wa Kasense, Manispaa ya Sumbawanga, anajiandaa kwenda kwa miguu na wenzake hadi Muze, chini kwenye Bonde la Ziwa Rukwa. Ameuliza afanye mazoezi gani na avae viatu gani. Mwisho wa ujumbe ameongeza jambo la tatu: mara iliyopita alifika mzima, akala, akalala vizuri, lakini siku ya pili alishindwa kushuka hata kizingiti cha mlango bila kushika ukuta. Kwa nini, ilhali kutembea amekuzoea tangu utotoni?

Naanza na hilo la tatu, kwa kuwa ndilo linalojibu mengine. Kuongeza mwendo kidogo kidogo, kunywa maji, kula ukashiba: hayo anayajua, na mtu aliyekulia Ufipa hahitaji kufundishwa kutembea.

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Katikati imesimama milima ya Mbizi, halafu uwanda unakatika na kuporomoka hadi bondeni, maana pale ndipo ukingo wa Bonde la Ufa. Msafiri wetu anashuka kimo cha kilomita nzima, na mapafu yake hayalalamiki hata kidogo. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2002 vilionyesha kuwa kwenye mteremko wa asilimia 10 mtembeaji hutumia karibu nusu tu ya nishati anayotumia tambarare. Unafuu huo ndio unaomponza, kwa sababu pumzi na misuli havihesabu kazi kwa namna moja.

Mguu unapotua mteremkoni, goti hukunjika na uzito wote wa mwili hutaka kwenda chini. Misuli ya mbele ya paja hukaza ili kuuzuia. Inakaza, lakini papo hapo inarefushwa. Vitabu vyetu vya baiolojia vinasema msuli ukifanya kazi “hunywea”, na hapa neno hilo linaeleza kinyume kabisa cha kinachotokea. Nikitafuta jina la kazi hiyo, “mkazo wa kurefuka” nimelikataa, kwani linadokeza kuwa msuli umeamua wenyewe kurefuka, kumbe unalazimishwa. Nimechagua “mkazo kinzani”. Wanafizikia watasema ukinzani ni wa umeme; nadhani neno linatosha kwa wote wawili.

Mkazo kinzani una maajabu yake. Mwaka 1952 watafiti Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili za mazoezi kwa mnyororo, mgongo kwa mgongo. Mmoja alikanyaga pedali kwenda mbele, mwingine akajitahidi tu kuzizuia huku zikizunguka kinyumenyume. Walipoionyesha kazi hiyo mbele ya wanasayansi wa Royal Society jijini London, binti mwenye umbo dogo aliyekuwa akizuia alimchosha haraka kijana wa kiume aliyekuwa akikanyaga kwa nguvu zake zote. Hapakuwa na ujanja wowote. Msuli unaozuia hutoa nguvu nyingi kwa gharama ndogo.

Inawezekanaje? Fikiria mchezo wa kuvuta kamba shuleni. Ndani ya kila uzi wa msuli mna vyumba vidogo mno viitwavyo sakomea, na ndani yake protini ya mayosini ina maelfu ya vichwa vinavyoshika nyuzi za aktini, kama mikono ya wanafunzi kwenye kamba. Timu inaposhinda, kila mkono huachia, husogea mbele, hushika tena na kuvuta. Kila mzunguko wa namna hiyo hula nishati. Sasa tazama timu inayoburutwa. Visigino vimechimba ardhi, mikono imeng’ang’ania, hakuna anayeachia kwa hiari. Mkono ukibanduliwa, unashika palepale karibu, bila kulipia mzunguko mpya. Ndiyo maana kuburutwa hakuli chakula kingi, na ndiyo maana kamba ya timu inayoburutwa hukazika kuliko ya timu inayoshinda: uzi wa msuli ukirefushwa kwa nguvu huweza kustahimili mara moja na nusu ya nguvu yake ya juu ukiwa umetulia. Ubongo, ukiona kazi inafanyika kwa nguvu kubwa namna hiyo, huita wanafunzi wachache tu kwenye kamba, yaani nyuzi chache za msuli. Wachache hao hubeba kila kitu, hatua baada ya hatua, maelfu ya hatua. Hatimaye aliye dhaifu kuliko wote huburutwa hadi nje ya mstari: sakomea moja hurefushwa kupita kiasi, kisha ya pili, kisha utando unaozizunguka huchanika.

Saa hiyo msafiri hahisi kitu. Maumivu huja baadaye, majeraha hayo madogo yanapovimba na chembe za kinga kufika kusafisha, na hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Habari njema, na inayonifurahisha zaidi, ni kwamba msuli hujifunza kwa somo moja. Ukishuka kiasi, ukaumwa kidogo, ukapona, safari ya pili ya kushuka hukuumiza kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Mishipa ya fahamu huita nyuzi nyingi zaidi kazini, na inaelekea msuli huongeza sakomea mpya kwa urefu ili kila moja irefushwe kidogo. Kwa hiyo kutembea tambarare kuelekea Laela kila Jumapili hakumwandai mtu kwa Muze. Wiki tatu kabla ya safari, atafute kilima chenye mteremko wa kweli na ashuke nusu saa kwa hatua fupi. Apumzike siku nne au tano, kisha arudie akiongeza muda. Lakini baada ya kushuka mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, dalili kwamba misuli imeumia mno, aende hospitali mara moja.

Viatu navyo vichaguliwe kwa ajili ya kushuka. Mteremkoni wayo huteleza mbele, vidole vikagonga kiatu, kucha zikawa nyeusi. Ajaribu raba jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, akiwa na soksi za safari, na asimame kwenye mteremko, si kwenye turubai la muuza mitumba. Ibaki nafasi ya upana wa dole gumba mbele, na kamba zikazwe vizuri juu ili kisigino kikae nyuma. Mitumba ikunjwe: soli iliyokauka gundi itaachana njiani. Sugu za unyayo asizikwangue; utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watu wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa sugu nene hulinda bila kupunguza hisia za ardhi.

Na katambuga? Mimi nazitetea. Mbele ziko wazi, vidole havigongi kitu, na mpira wa tairi unashika njia. Kasoro yao ni jasho na mvua, wayo unapoteleza juu ya mpira. Fundi aongeze mkanda wa kuzunguka kisigino, na azivae katika mazoezi yote ya kushuka kabla ya siku ya safari.