Spika Ndefu, Sebule Finyu

Mwaka 2012 kampuni ya Pioneer iliingiza sokoni spika ya kusimama, SP-FS52, kwa dola 130 kila moja. Aliyeibuni, Andrew Jones, ndiye huyohuyo aliyebuni TAD Reference One, ambayo jozi yake iliuzwa karibu dola 80,000. Hiyo ya bei ya chini ilikuwa na wufa tatu za sentimita 13, twita moja na boksi lenye mbavu zilizopinda, umbo ambalo watengenezaji wengine waliliweka kwenye bidhaa za matajiri. Tangu hapo imekuwa vigumu kumwambia mtu wa kipato cha kati kwamba spika ndefu si saizi yake.

Tatizo liko kwenye chumba.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 3, kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, kama zilivyo nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam na Nairobi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kuta zilizoachana mita 4 huvimbisha sauti ya hezi 43 hivi. Zilizoachana mita 3, hezi 57. Sasa tazama gitaa la besi: uzi wake mnene kuliko yote hulia kwenye hezi 41, unaofuata kwenye 55. Mpiga besi wa rumba akiugusa mmojawapo bila kuubana, chumba nacho kinaitikia. Noti moja inanguruma hadi vyombo vinatetemeka kabatini, inayofuata haisikiki. Aliyeketi kwenye kochi lililoegemea ukuta anatikiswa kifua, aliye katikati ya chumba anauliza besi imekwenda wapi. Spika hazina kosa lolote.

Hapo ndipo hesabu ya pesa inapogeuka, kwa sababu kinachouzwa zaidi kwenye spika ndefu ni hiyo besi. Katika mfululizo wa Diamond 12 wa Wharfedale, spika ya rafuni 12.1 ina wufa moja ya sentimita 13. Ile ndefu ya 12.3, inayokaribia kimo cha mita moja, ina mbili za saizi hiyohiyo. Ya 12.4 ni pana zaidi, na wufa zake ni kubwa zaidi. Mwenye sebule ya mita 4 anayelipia 12.4 ananunua besi ambayo kuta zake zitaivuruga. Achukue ndogo yake, 12.3, au abaki na ya rafuni.

Wauza spika ndefu wana hoja moja nzuri: spika ya rafuni huhitaji stendi, na ikishawekwa juu yake inachukua nafasi ileile sakafuni. Stendi za kiwandani nazo si za bure. Hoja hiyo ina nguvu London. Hapa kwetu fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza jozi ya stendi za mabomba ya mraba, na mwenye spika akayajaza mchanga ili yasivume.

Jambo jingine la kukagua ni tundu la hewa. Likiwa nyuma na spika ikasukumwa hadi ukutani, besi hukoroga kila kitu. Baadhi ya makampuni huweka kizibo cha sponji cha tundu hilo ndani ya katoni. Wanunuzi wengine huliziba kwa soksi, na inafanya kazi.

Biashara yenyewe imebadilika sura. Wharfedale ilianzishwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1932 na Gilbert Briggs. Leo ni mali ya IAG, kundi lenye viwanda vyake China. Mwaka 2022 kampuni ya vifaa vya tiba ya Masimo ilinunua Sound United, yenye majina kama Polk na Bowers & Wilkins, kwa takriban dola bilioni 1. Miaka mitatu baadaye iliiuza kwa Harman, tawi la Samsung, kwa dola milioni 350. Kwa mnunuzi, la kujua ni kwamba toleo la zamani hupunguzwa bei toleo jipya linapotoka. Masikio mengi hayatatambua tofauti kati ya hayo mawili.

Afrika Mashariki punguzo hilo huliwa njiani. Spika ni boksi la hewa, na mzigo mwepesi unaojaza nafasi hutozwa kwa ujazo. Kisha inakuja VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Ndiyo maana maduka mengi ya Kariakoo na Luthuli Avenue yamejaa sabufa zenye stika za maelfu ya wati za PMPO, namba isiyopimwa kwa kanuni yoyote ya pamoja. Ya kuulizia ni RMS, yaani wati za mfululizo, na desibeli ngapi spika inatoa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya wati zinazohitajika na ya 87 ili zitoe sauti sawa.

Kwa mwenye bajeti ndogo hubaki spika za mitumba. Vua wavu wa mbele, weka vidole viwili kila upande wa koni, bonyeza polepole. Ikikwaruza, koili imeguswa na moto au imepinda. Kisha tazama ukingo unaoishika koni: wa mpira hudumu, wa sponji huoza, hasa mwambao wenye unyevu. Ukiugusa ukaachia vumbi jeusi kidoleni, omba bei ipungue kwa gharama ya fundi wa kuubadilisha.