Toleo la majaribio lilivyotufungia sauti za wazee

Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, tumekuwa tukipokea barua pepe zinazofanana. Mmoja anaandika kutoka Birmingham, mwingine Tanga, mwingine Muscat, na swali ni lile lile: kompyuta yangu bado nzima, kuna kijana hapa mtaani anasema anaweza kuniwekea Windows ijayo, ile ya majaribio ambayo haijatoka rasmi, je, nimruhusu?

Jibu letu ni refu kidogo, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuumia kwa jambo hilo hilo, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa sisi.

Ilikuwa Juni 2006. Chumba chetu cha habari, kama kilistahiki jina hilo, kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga mashariki ya London: meza 2, kompyuta 2 na simu moja. Mwezi ule Microsoft iliifungulia dunia Windows Vista Beta 2, bure kwa yeyote aliyetaka kuijaribu. Windows XP ilikuwa na umri wa karibu miaka 5 na sura yake ilikuwa imetuchosha. Faili la kupakua lilikuwa na gigabaiti 3 na nusu hivi. Tulipiga hesabu: ndugu yetu wa nyumbani mwenye modemu ya simu ya kilobiti 56, hata kama laini isingekatika hata mara moja, angehitaji karibu siku 6, usiku na mchana. Nyaya za chini ya bahari zilikuja kuanza kuihudumia Afrika Mashariki mwaka 2009, kwa SEACOM ya mwezi Julai. Sisi tulikuwa Ulaya, tuna intaneti ya kasi, faili likashuka usiku mmoja. Tukajiambia kwamba tuna wajibu wa kuijaribu kwa niaba ya wasomaji. Ukweli ni kwamba tulitaka kuona yale madirisha yanayopitisha mwanga kama kioo.

Tuliiweka kwenye kompyuta iliyo bora kati ya zile 2, ambayo ndiyo iliyokuwa na kazi zetu. Diski yake tulikuwa tumeigawa sehemu mbili. Sehemu C, yenye programu, tuliifuta yote. Sehemu D, yenye kazi, hatukuigusa, na kwa hilo tulijiona watu makini sana.

Katika D mlikuwa na rekodi 19. Tangu 2004 tulikuwa tukiwarekodi wazee wetu waliotawanyika: nahodha mstaafu wa majahazi kule Matrah, mwalimu wa Mombasa, baharia aliyezeekea Cardiff. Hapakuwa na nakala nyingine popote.

Tuwe wa haki, mfumo wenyewe ulifanya kazi. Intaneti ilikuwepo, barua pepe zilikwenda, na Jambo OpenOffice, ile programu ya kuandikia kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 2004 kwenye mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifunguka kama kawaida. Printa ilikubali siku ya pili. Skana ilikataa moja kwa moja. Programu ya kuzuia virusi tuliyokuwa tumeilipia nayo ikakataa, tukaweka nyingine. Tukasema haya ni madogo, na kiangazi kikapita.

Oktoba ikaja simu kutoka Muscat.

"Assalaam alaykum kaka. Mimi binti wa yule nahodha mliyemrekodi Matrah."

"Waalaykum salaam dada. Mzee hajambo?"

Mzee alikuwa amefariki. Arubaini yake ilikuwa siku 16 mbele, na ndugu walitaka siku ile, baada ya khitma, wakae pamoja wamsikilize akielezea safari zake. Wao hawakuwa na sauti yake hata moja.

"Utaipata wiki hii hii, dada," tukamwambia.

Tukafungua D. Mafaili yote yapo, kila moja na jina lake na tarehe yake. Tukabofya la nahodha. Windows ikauliza lifunguliwe kwa programu gani. Kinasa sauti chetu, kama vingi vya miaka ile, kilihifadhi sauti kwa umbo lake chenyewe, lisilofunguliwa ila na programu iliyokuja nacho. Programu hiyo ilikuwa C, na C tuliifuta Juni kwa mikono yetu. CD yake ilituchukua siku mbili kuipata, tena ndani ya sanduku la nguo za baridi. Tulipoiweka, ikatoka taarifa fupi: programu hii inahitaji Windows 98, 2000 au XP.

Hapa inafaa tueleze kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokwama mpaka leo. Kila Windows ina namba yake ya ndani. XP ilikuwa 5.1, Vista ikawa 6.0. Watengenezaji wengi waliandika programu zao ziulize namba hiyo kwanza, na zikikuta isiyo ya 5 zigome, hata kama zingeweza kufanya kazi bila taabu yoyote. Ni kama bawabu aliyepewa orodha ya majina na kusahauliwa mlangoni miaka kumi. Microsoft ililijua tatizo hili vizuri. Windows 7 ilipokuja, ndani yake haikuitwa 7, iliitwa 6.1, na kampuni ilieleza waziwazi kwamba ni kwa ajili ya programu za zamani. Windows 8 ikawa 6.2. Hata Windows 11, ukiiuliza namba yake ya ndani leo, itakujibu kuwa ni 10.0.

Dawa ya bawabu ipo. Unabofya programu kwa kitufe cha kulia cha mausi, unakwenda kwenye ukurasa wa upatanifu, na unaiomba Windows ijifanye XP. Inadanganya, bawabu anafungua. Nasi tulifanya hivyo na programu ikaingia. Tukashangilia mapema mno, kwani ilipofunguka ilitaka kwanza ikione kinasa sauti chenyewe kwenye waya wa USB, na Vista haikukiona.

Sababu ni draiva. Draiva ni mkalimani anayekaa kati ya mfumo na kifaa, na Vista ilibadilisha lugha ya nyumba. Njia ya michoro ya skrini iliandikwa upya, njia ya sauti iliandikwa upya, na kwenye toleo la biti 64 kila draiva inayoingia ndani ya kiini cha mfumo ilitakiwa iwe na saini ya kidijitali. Wakalimani wengi wa XP hawakuielewa lugha hiyo, na ule uongo wa namba hauwasaidii, kwa sababu unaidanganya programu na haumfundishi mkalimani neno hata moja.

Kulikuwa na mabadiliko ya tatu ambayo hayakutugusa sisi lakini yaliwatesa wenye maduka na vyama. Katika XP, karibu kila mtumiaji alikuwa mwenye nyumba, na programu ziliandika mafaili yao popote zilipotaka. Vista ikamfanya kila mtu mpangaji, anayebisha hodi. Programu ya zamani ya mahesabu iliyozoea kuandika ndani ya folda ya programu ilizuiwa, au mafaili yake yalipelekwa kimyakimya kwenye folda nyingine iliyofichika, iitwayo VirtualStore. Mtu anafungua folda yake ya kawaida anaona hesabu za mwaka hazipo, kumbe zipo, zimehamishiwa chumba cha uani. Ukikutwa na hali hiyo, usifomati chochote kabla ya kutafuta huko.

Turudi kwa nahodha. Wiki nzima ilipotea hivi. Mwishowe tuliazima laptopu ya mwanafunzi mmoja wa kutoka Morogoro, ambayo bado ilikuwa na XP, naye alikuwa safarini hadi Jumamosi. Programu ilikubali mara ya kwanza, kinasa sauti kikaonekana, na dakika 47 za mzee zikageuzwa kuwa faili la kawaida la sauti. Kwa binti yake walikuwa na intaneti ya simu tu, kwa hiyo tukaichoma kwenye CD na kumpa msafiri. Ilifika siku 2 baada ya arubaini. Hakutulaumu. Alisema wamesikiliza hivyo hivyo, na kwamba mzee anasikika akikohoa pale anapotaja Lamu.

Usiku ule tuligeuza na zile nyingine 18. Kati yake 15 zilifunguka. Rekodi 3 zimegoma hadi leo.

Tulidhani ni ujinga wetu peke yetu. Vista ilipotoka kwa watu wote tarehe 30 Januari 2007, ikaonekana kwamba tulikuwa wengi. Katika kesi iliyofunguliwa Marekani kuhusu kompyuta zilizobandikwa kibandiko cha kusema zinaifaa Vista, mahakama ilitoa hadharani mwaka 2008 barua pepe za ndani za Microsoft. Mle alikuwemo Mike Nash, makamu wa rais wa kampuni, akilalamika kwamba laptopu yake ya dola 2,100 imebaki kuwa mashine ya barua pepe tu. Alikuwemo Jon Shirley, mjumbe wa bodi, ambaye vifaa vyake vya nyumbani vilikosa draiva. Steven Sinofsky aliwajibu kwamba watu wa nje hawakuamini kuwa Vista ingetoka kweli, hivyo wengi hawakuandaa draiva mapema. Karatasi hizo hizo zilionyesha kwamba asilimia 28.8 ya mianguko ya Vista iliyorekodiwa katika kipindi kimoja cha 2007 ilitokana na draiva za Nvidia.

Miezi ile ya majaribio, basi, ilikusudiwa kuwaamsha wenye skana na vinasa sauti, nao wakalala. Na sisi je? Skana yetu ilikataa Juni, na hatukutuma ripoti hata moja. Tulikuwa watazamaji wa kioo.

Tusiseme pia kwamba kila ripoti husikilizwa. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 na kulisimamisha baada ya siku chache, kwa kuwa lilikuwa likifuta nyaraka za baadhi ya watu. Ilibainika kwamba waliolijaribu mapema walikuwa wameliripoti tatizo hilo, ila ripoti zao zilizama katikati ya nyingine. Na toleo la majaribio la Windows 7, Januari 2009, lilikuwa na kasoro ya kukata sekunde za mwanzo za baadhi ya mafaili ya MP3, na kilichokatwa hakikurudi. Kwa sisi wenye mazoea ya kuhifadhi sauti, habari ile ilitutia baridi. Toleo hilo lilikuwa pia na saa ya kufa: kuanzia Julai 1 mwaka ule lilijizima kila baada ya saa 2, na Agosti 1 likafikia mwisho wake. Kijana wa mtaani hakwambii hayo.

Wenye Macintosh wasicheke. Mwaka 2019 macOS Catalina iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, na waliokuwa na programu nzuri za zamani wakabaki na picha zake tu. Windows 11 nayo haina toleo la biti 32, kwa hiyo zile programu za biti 16 ambazo bado zinatumika katika maduka na zahanati kadhaa nyumbani zimekosa pa kukaa ndani yake.

Kwa hiyo, ndugu wa Birmingham, Tanga na Muscat, kama unayo kompyuta ya pili ambayo hata ikifa leo hutalia, jaribu, na kila kinachokataa kiripoti, kwa sababu mwenye printa ya aina yako kule Mbeya atafaidika. Kama ni moja tu, mwambie kijana asubiri. Kabla ya hapo chukua karatasi uandike kila kifaa kinachounganishwa na kompyuta yako na kila programu ambayo kampuni yake imekufa au imeacha kuitengeneza. Orodha hiyo kwa kawaida ni ndefu kuliko mtu anavyofikiri, hasa kwetu, ambao kompyuta zetu hupita mikono miwili mitatu kabla ya kutufikia. Sauti na picha zigeuze sasa, wakati mashine ya zamani bado inawaka, ziwe katika umbo la kawaida kama WAV au JPEG, na nakala moja ikae nyumba nyingine.

Kompyuta yetu ya pili ya mwaka 2006, ile dhaifu, tuliirudisha XP na iko chini ya meza hadi leo. Hatuiunganishi na intaneti. Juu yake kuna kile kinasa sauti na CD yake, na karatasi yenye majina 3 ya wazee ambao bado hatujawasikia. Msomaji yeyote aliyewahi kufungua mafaili ya vinasa sauti vya miaka ile baada ya programu yake kugoma, tunamwomba atuandikie.