Mti Ulioandikwa "Ondoka": Riwaya ya Kusoma na Watoto Wetu

Hakuna mkulima wa Karagwe au Kyerwa asiyeujua mlamula. Hupandwa mpakani mwa vibanja, na majirani wakigombania mpaka, mti huo ndio shahidi. Laiti ungepewa ulimi, ungesema mengi juu ya namna tunavyoishi na majirani zetu.

Katherine Applegate, mwandishi wa Marekani, ameupa mti ulimi. Katika riwaya yake ya watoto, Wishtree, iliyotoka mwaka 2017, msimulizi ni mwaloni wenye umri wa miaka 216, uitwao Red. Rafiki yake ni kunguru, Bongo, na matundu ya shina lake ni makazi ya wanyama. Umeona vizazi vya wahamiaji vikiingia mtaani hapo, kila kizazi na lugha yake.

Mhusika anayetugusa zaidi ni Samar, binti wa miaka kumi wa familia ya Kiislamu iliyohamia jirani na mti. Usiku huketi peke yake chini ya mwaloni, na haja yake ni moja tu: apate rafiki. Kisha kijana mmoja anachonga kwenye gome neno lenye maana ya "Ondoka", na mtaa mzima unajua linamlenga nani. Stephen, mtoto wa nyumba ya pili, ana moyo mwema, lakini wazazi wa pande mbili hawasemezani. Francesca, mwenye mti, anataka kuukata. Hapo mwaloni unavunja sheria ya miti na kuzungumza na watoto.

Mzazi awe macho kwa jambo moja. Katika kisa hicho watu hufunga maombi yao matawini kila tarehe 1 Mei. Mweleze mtoto wazi kwamba haja huombwa kwa Allah peke yake. Lakini mti wenye hisia si jambo geni kwetu: Bukhari amepokea habari ya kigogo cha mtende kilicholia Mtume (S.A.W.) alipokiacha na kupanda mimbari.

Je, kisa hiki cha mbali kinatuhusu nini? Wilaya zetu zinapakana na Rwanda, na Kyerwa inapakana na Uganda pia. Mwaka 1994 tulipokea wakimbizi wengi. Mwaka 2013 ikapita Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Kulinda mipaka ni kazi ya serikali. Kumwita mtoto wa jirani "mkimbizi" kisimani au madrasa si kazi ya mtu yeyote. Tukumbuke pia kwamba katika karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu walikaa Kafuro, hapa Karagwe, wakiwa wageni waliopokewa na wenyeji.

Katika riwaya, kijana aliyechonga ni mmoja. Kilichomuumiza Samar kwa muda mrefu ni ukimya wa wengi. Mwishoni majirani wanatundika mtini vikaratasi vyenye neno "Baki". Surat An-Nisaa, aya ya 36, inatuamuru kumtendea wema jirani wa karibu na wa mbali, bila kuuliza babu yake alizaliwa wapi.

Basi mtoto wako akimaliza kitabu hiki, muulize: katika darasa lako, nani huketi peke yake? Kesho amwendee kwa salamu.