Daktari Mmoja, Foleni Ndefu

Msaidizi asipofika kazini, kliniki ya meno huyumba siku hiyohiyo. Yeye ndiye anayeshika bomba la kufyonza mate, anayekoroga dawa ya kuzibia na kutakasa vifaa kwa mvuke. Bila yeye, daktari huinuka kila mara kutafuta kifaa, huku mgonjwa amebaki kinywa wazi.

Kliniki makini hujipanga mapema. Mhudumu wa mapokezi hufundishwa kusafisha vifaa, miadi isiyo ya haraka hupangiwa siku nyingine, na nafasi huachwa kwa mwenye jino linalouma.

Pengo likiwa la nchi nzima, kazi yenyewe hugawanywa upya. New Zealand ilifanya hivyo mwaka 1921. Vijana wengi walioitwa vitani walikuwa wamekutwa na meno mabovu, na madaktari hawakutosha. Serikali ikaanza kuwafunza wanawake kwa miaka miwili, jijini Wellington, ili wazibe na kung'oa meno ya watoto wa shule. Nchi nyingine zikaiga.

Tanzania nayo ilichangia mbinu. Katikati ya miaka ya 1980, jino lililooza lilikwanguliwa kwa majaribio kwa kutumia vifaa vya mkono, kisha tundu likazibwa kwa dawa inayoshikamana na jino: bila umeme, mara nyingi bila sindano ya ganzi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbinu hiyo. Tabibu wa meno wa kijijini akiimudu, mgonjwa hana haja ya kusafiri hadi mjini kumsubiri daktari bingwa.