Kumaliza uzani si kuangusha watu tu

Mwaka 1976, mjini Montreal, Jorge Hernández wa Cuba alivishwa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi za uzani wa kilo 48. Miaka miwili kabla ya hapo, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya ndondi za ridhaa yaliyoandaliwa Havana, Hernández huyo huyo alimshinda katika fainali kijana wa Kenya aitwaye Stephen Muchoki. Na miaka miwili baada ya Montreal, mashindano hayo ya dunia yalipofika Belgrade, dhahabu ya kilo 48 ilikwenda kwa Muchoki.

Kati ya fedha ya Havana na dhahabu ya Belgrade pana pengo. Muchoki hakupigana Montreal. Kenya ilijitoa pamoja na mataifa mengi ya Afrika kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, na wakuu wa Olimpiki wakakataa kuifukuza New Zealand. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow, kupinga Wasovieti kuivamia Afghanistan. Kwa hiyo bingwa wa dunia, aliyekuwa pia bingwa wa Jumuiya ya Madola mara mbili, Christchurch 1974 na Edmonton 1978, hakuwahi kukanyaga ulingo wa Olimpiki hata siku moja.

Kisa hiki ningependa kiingie katika ubishi wa barazani. Hapa Malindi, iwe Shela, Barani au Maweni, kahawa ikishamiminwa na mazungumzo ya mpira yakapoa, ndondi hazikosi kutajwa. Mmoja atamtaja Mike Tyson, mwingine Floyd Mayweather, na mwenye jamaa Tanga atamleta Hassan Mwakinyo, aliyekwenda Birmingham mwaka 2018 na kumzima Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili. Kisha swali litatua pale pale: nani aliumaliza uzani wake, asibakishe mtu? Hapo hesabu huanza ya mapambano, ya walioangushwa, ya mikanda. Swali ambalo haliulizwi ni hili: hao "wote" aliowapiga ni akina nani, na ambaye hayumo katika orodha ni nani?

Mfano wa kupimia ni Marvin Hagler wa Marekani. Alishika taji la uzani wa kati kuanzia Septemba 1980, alipomchana Alan Minter kwa raundi tatu jijini London huku mashabiki wakirusha chupa ulingoni, hadi Aprili 1987. Katika muda huo alilitetea mara 12. Roberto Durán alikuja, Thomas Hearns alikuja, na wengine wasiokumbukwa sana walikuja wakarudi kwao na nyuso zilizovimba.

Lakini ukuu wa Hagler haumo katika idadi hiyo peke yake. Kabla hajawa bingwa alishindwa Philadelphia na mabondia wawili, Bobby Watts na Willie Monroe. Hakusema majaji walimwonea kisha akatafuta wapinzani laini. Alimrudia Monroe akamshinda mara mbili, akamrudia na Watts akammaliza. Mwaka 1979 alitoka sare na Vito Antuofermo, mzaliwa wa Italia, katika pambano ambalo wengi waliona amelishinda yeye. Alipopata taji, Antuofermo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa, na safari hiyo hapakuwa na sare. Hivyo ndivyo uzani unavyomalizwa. Bondia huangusha waliopo, kisha hurudi kwa wale waliomwachia deni.

Mtu wa mwisho kushindwa na Hagler alitoka huku kwetu Afrika Mashariki. John Mugabi, Mganda aliyepata medali ya fedha ya uzani wa welta huko Moscow 1980, alifika Las Vegas Machi 10, 1986 akiwa hajawahi kufikisha pambano la kulipwa mbele ya hukumu ya majaji. Kila aliyesimama mbele yake alikuwa ameanguka kabla ya kengele ya mwisho. Kwa rekodi ya karatasini, hapakuwa na mtu aliyewamaliza wapinzani wake kuliko Mugabi. Ila wapinzani hao wengi walikuwa wa uzani wa chini kidogo, na hapakuwa na Hagler kati yao. Wakapigana kwa ukali usiosahaulika mpaka raundi ya 11, Mugabi akaanguka. Baadaye alipata taji la dunia katika uzani wake mwenyewe, mwaka 1989, lakini usiku ule ulionyesha tofauti kati ya rekodi safi na rekodi iliyopimwa.

Ajabu ni kwamba Hagler, baada ya kushindwa na Sugar Ray Leonard kwa uamuzi uliowagawa majaji mwaka 1987, hakuvaa glavu tena. Alihamia Italia akacheza filamu, akafariki mwaka 2021. Malindi, ambako Kiitaliano kinasikika kuanzia sokoni hadi ufukweni, si vigumu kukutana na mzee wa Kiitaliano anayemkumbuka Hagler kama jirani zaidi ya bingwa.

Turudi nyumbani. Kabla ya Muchoki alikuwako Philip Waruinge wa Nakuru, uzani wa unyoya, kilo 57. Alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kingston mwaka 1966 na Edinburgh mwaka 1970. Katika Olimpiki ya Mexico 1968 alishindwa nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji, kwa kura tatu kwa mbili. Roldán akatoka na dhahabu, lakini Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima, akapewa Waruinge mwenye shaba. Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali na kushindwa tena kwa tatu kwa mbili, na Boris Kuznetsov wa Sovieti. Katika Olimpiki mbili, jaji mmoja mmoja tu ndiye aliyemtenga na ushindi. Alipoingia ndondi za kulipwa alikwenda Japani, na mwaka 1976 akapigania taji la dunia nchini Panama bila mafanikio.

Muchoki naye alivuka bahari kwenda Denmark, kule kule alikokuwa Ayub Kalule wa Uganda, aliyelitwaa taji la dunia mwaka 1979. Novemba 1982, jijini Copenhagen, Muchoki alipambana na Santos Laciar wa Argentina kwa taji la dunia na kusimamishwa raundi ya 13. Ukitazama matokeo hayo peke yake utasema alishindwa. Ukiyatazama pamoja na Montreal na Moscow utaona bondia aliyenyimwa miaka yake bora ya kukutana na waliomstahili.

Kwa upande wa wanawake, Fatuma Zarika ametuonyesha jambo hili kwa uwazi. Mwaka 2016 alikwenda Flint, Michigan, akamnyang'anya Alicia Ashley taji la dunia la WBC. Mwaka 2018 alimshinda Yamileth Mercado wa Mexico jijini Nairobi. Mwaka uliofuata, badala ya kuukalia mkanda, alikubali mechi ya marudiano huko kwao Mercado, na akaupoteza. Barazani wapo watakaosema alifanya kosa. Mimi naona hakuna pambano linaloeleza zaidi ubingwa wake, kwa maana bingwa asiyetoka kwao hajulikani amemshinda nani.

Fahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walisema, lakini ndondi huishi kwa kuwalazimisha wakae. Miaka ya 1970 na 1980 Kenya ilikuwa na mazizi ya namna hiyo. Polisi, Magereza na Jeshi walikuwa na timu zilizokutana mara kwa mara, na ukumbi wa Nakuru uitwao Madison Square Garden ulijaa vijana waliojuana kwa ngumi. Kupata nafasi ya timu ya taifa kulikuwa kugumu kuliko kupata medali ughaibuni. Ndiyo maana katika Michezo ya Afrika Nairobi 1987 Kenya ilichukua dhahabu 8 kati ya 12 za ndondi. Robert Wangila alikuwa mmoja wa mabingwa hao, na mwaka uliofuata huko Seoul alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika ndondi.

Sasa mtazame kijana wa Malindi mwenye kilo 57 na mkono mzuri. Mjini huenda kuna wawili au watatu wa uzani wake, na baada ya kuwashinda mara kadhaa ataitwa bingwa. Akitaka zaidi ni safari ya kilomita zipatazo 120 kwenda Mombasa, nauli yake, chakula chake, na pengine akifika mpinzani hakutokea. Anakua na sifa za mtu aliyemaliza uzani ambao hakuwahi kuuona. Siku akikutana na mvulana wa Nairobi au wa Kampala aliyepigana na 20 kama yeye, rekodi yake haitamsaidia.

Kaunti ya Kilifi ikiamua kusaidia ndondi, glavu na fulana zenye nembo zisiwe za kwanza. Kinachohitajika kwanza ni ratiba: mapambano ya kila mwezi, kwa zamu kati ya Malindi, Kilifi, Mariakani na Mombasa, kwa uzani uliopimwa kwa haki, na daktari akiwapo. Katika ratiba hiyo aliyeshindwa apewe marudiano, kama Hagler alivyoyatafuta na Zarika alivyoyakubali. Mabingwa watajitokeza wenyewe. Na siku baraza la Shela litakapobishana juu ya kijana wake, litakuwa na majina ya kutaja, yakiwemo ya waliomshinda.